Waya wa Kuzongea Ncha za Kamba za Ndege ya Mfano: Niliyoyapata Lamu

Anayerusha ndege ya mfano kwa kamba hutumia fedha nyingi kwenye injini na mafuta, na fikira nyingi kwenye mbawa. Ule waya mwembamba wa kuzongea ncha za kamba hauna anayeushughulikia, kwa kuwa kipande cha urefu wa mkono kinatosha na bei yake haifiki hata ya kikombe cha kahawa. Mimi pia sikuushughulikia mpaka ncha moja iliponiponyoka kwenye ufuo wa Shela, kamba ya kupandisha ikalegea, na ndege niliyoijenga kwa miezi mitatu ikajichimbia mchangani pua mbele. Tangu siku hiyo, kwa misimu miwili ya kaskazi, nimenunua, nimeomba na nimeokota kila waya unaoweza kupatikana Lamu kwa kazi hiyo, pamoja na vitu vichache vilivyoletwa kutoka Malindi na Mombasa, nikavijaribu kwa mizani na kwa maji ya chumvi.

Kwa asiyeijua michezo hii, ndege ninayoizungumzia haina redio. Mrushaji husimama katikati ya duara akiwa ameshika mpini, na kamba mbili nyembamba za chuma hutoka kwenye mpini huo hadi kwenye ubawa, zikakamata wenzo mdogo wa pembetatu ambao huvuta ufito unaopandisha na kushusha ubapa wa mkiani. Mpango huu ulienezwa na Jim Walker wa Portland, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1942, na mpaka leo haujabadilika sana. Kamba zangu zina urefu wa mita 15.92, ambao ni urefu wa mbio za timu katika mashindano ya kimataifa, na hesabu yake ni nzuri kwa mwalimu wa fizikia kama mimi: mzunguko mmoja ni mita 100, mizunguko kumi ni kilomita moja. Ndege yangu ina gramu 900 na hukamilisha mzunguko kwa sekunde 5, yaani mita 20 kwa sekunde au kilomita 72 kwa saa, na kwa mwendo huo huzivuta kamba kwa nguvu inayokaribia kilo mbili na robo. Huo ni uzito wa nguru mdogo, lakini ni nguru asiyetulia, kwa sababu kila upepo unapoisukuma ndege nje, au kila inapotoka kwenye pindu na kukaza kamba ghafla, nguvu hiyo hupanda mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua.

Kamba yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu, unene wake milimita 0.38, na imesokotwa kwa nyuzi saba ambazo kila moja ina takriban milimita 0.13. Kamba ya namna hii haipigwi fundo, kwa kuwa fundo huikunja kwa pembe kali na hapo hapo ndipo itakapokatikia. Ncha hupitishwa kwenye kipande kidogo cha mrija wa shaba kilichopindwa kama ndoana ili kitanzi kisibanwe, ikarudishwa kando ya kamba, kisha zote mbili zikazongwa pamoja kwa waya mwembamba. Zipo ncha nne, mbili upande wa mpini na mbili upande wa ndege, na ndege nzima inaning'inia kwenye uaminifu wa mizongo hiyo.

Jaribio langu lilikuwa rahisi. Kila ncha niliifunga kwa kipimo kilekile cha milimita 20 za mizongo, nikaitundika kamba kwenye boriti la darini, na kuivuta kwa mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki mpaka ikasoma kilo 9, ambazo ni mara kumi ya uzito wa ndege. Kipimo cha mara kumi ndicho kinachotumika katika mashindano ya ndege za michezo ya angani, ila huko kamba mbili huvutwa kwa pamoja. Mimi nilizivuta moja moja, kwa makusudi ya kuwa mkali zaidi. Baada ya hapo ncha zote zilichovywa kwenye maji ya bahari kila asubuhi na kuachwa juani kwenye sakafu ya darini kwa siku 30, kisha zikarudi kwenye mizani. Hewa ya Lamu ingefanya kazi hiyo bila msaada wangu, lakini ingechukua muda mrefu zaidi.

Nianze na unaopatikana kwa urahisi kuliko wote, ule waya mweusi wa kufungia nondo unaouzwa kwa kilo katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Una unene unaozidi milimita moja, yaani ni mnene mara tatu kuliko kamba inayotakiwa kufungwa, na hushika kutu kabla ya wiki kwisha. Haufai, na sina zaidi la kusema juu yake.

Waya wa pili uliniletea matumaini makubwa na hasara kubwa. Ndugu mmoja anayetengeneza ndege za kweli Mombasa alinipa mita chache za waya wa kufungia bolti za ndege, wa chuma kisichoshika kutu, unene wake nusu milimita. Nilijiambia kwamba waya unaoaminiwa na ndege inayobeba watu hauwezi kushindwa na ndege ya gramu 900. Kosa langu ni kwamba kule hauzongwi juu ya kitu chembamba kuliko wenyewe. Husokotwa mara mbili na kuizuia bolti isifunguke. Juu ya kamba ya milimita 0.38 waya huo hutenda kama springi: unauzonga, unaachia koleo, nao unafunguka kidogo. Ukiukaza zaidi ili usifunguke, unaing'ata kamba. Niliifungua ncha moja na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, nikaona uzi mmoja kati ya saba umekatika na wa pili una kovu. Kwenye mizani ncha hiyo ilifika kilo 9 bila shida, na hili ndilo linalonitisha hadi leo, maana lau ningetegemea mizani peke yake ningeirusha. Ncha iliyoponyoka Shela ilikuwa ya waya huu huu, kabla sijaanza kujaribu kwa utaratibu. Chuma hiki hakikuguswa na chumvi hata kidogo, na kwa kazi yake kinastahili sifa zote, lakini si kazi hii.

Sasa nifike kwenye shaba, ambako ndiko kwenye maneno. Sifa inayotafutwa kwenye waya wa kuzongea ni ulaini. Waya laini hulala juu ya kamba, hujaza mabonde yaliyo kati ya nyuzi zake, na hubaki pale ulipowekwa bila kutaka kurudi ulikotoka. Kila mzongo hubana kidogo tu, lakini mizongo 60 ikibana bega kwa bega kwa urefu wa milimita 20, kamba haina pa kupitia. Wazee wetu walizishona mbao za mtepe, chombo cha kale cha pwani, kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na nadhani fundi wa mtepe angeielewa hoja hii upesi kuliko yule ndugu yangu wa Mombasa.

Shaba ya kwanza niliyojaribu niliitoa kwenye waya wa umeme wa kawaida, ule mlaini wenye nyuzi nyingi ndani. Waya wa milimita za mraba 1.5 una nyuzi 30, kila moja milimita 0.25, na nusu mita ya kipande kilichotupwa na fundi wa umeme hutoa nyuzi za kutosha ncha 30. Ni bure, ni laini mno, na unazongeka hata kwa vidole. Mwanafunzi anayefunga ncha kwa mara ya kwanza aanze na huu. Ncha zake zote zilipita kilo 9. Baada ya siku 30 za chumvi zilikuwa zimeota kutu ya kijani na nyuzi mbili za nje zilikuwa zimeliwa mpaka zikakatika kwa kuguswa na ukucha, ingawa mizongo ya ndani iliendelea kushika. Sababu yake inajulikana: shaba ikigusana na chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya chumvi, shaba ndiyo inayoliwa, na huliwa haraka zaidi pale ambapo shaba ni kidogo na chuma ni kingi, kama ilivyo hapa.

Lakini kabla ya kuusifu zaidi sina budi kulalamika. Safari ya pili sikupata mabaki, nikanunua mita mbili kwenye duka moja nisilotaka kulitaja, ambalo muuzaji wake aliniapia kwamba ni shaba tupu. Nilipoanza kuzonga, uzi wa kwanza ukakatika kwenye mzongo wa tano, wa pili kwenye wa nane. Niliukwaruza kwa kisu, ndani ukawa mweupe. Ulikuwa ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Waya wa namna hiyo umejaa madukani siku hizi, na anayeununua kwa ajili ya taa za nyumba ana haki ya kuogopa kuliko mimi. Kwa kazi yetu hauna faida hata chembe, kwani hauvumilii kukunjwa mara mbili mahali pamoja, na alumini iliyo wazi ndani ya chumvi huwa unga mweupe. Mnunuzi aombe kipande kabla ya kulipa, akikwaruze, au akichome kwa kiberiti cha gesi: shaba tupu huwaka nyekundu na kubaki nzima, alumini hunywea na kudondoka. Muuzaji akikataa jaribio hilo, jibu lake limeshatosha.

Shaba iliyonishinda kwa uzuri niliipata kwa fundi anayezonga upya mota za feni na pampu, kwenye kibanda kilicho vichochoroni nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Fundi hawa hununua waya kwa vibobini, na huuhesabu kwa geji, si kwa milimita. Geji ya 30 ina milimita 0.315 na geji ya 28 ina milimita 0.376, na zote mbili zinaingia katika kazi yetu. Nilipomweleza nautakia nini aliniangalia kwa muda, akasema, “Maalim, waya huu ni wa feni. Ndege ina feni mbele, hilo nalikubali, lakini huko mkiani unakwenda kuzonga nini?” Nikamchorea kwenye karatasi. Alikata gramu 50 za geji ya 30 akanitoza shilingi 150, akanikumbusha nisiuvute kwa nguvu nikiuzonga kwa kuwa waya uliovutwa hunyooka na kuwa mgumu. Huo ulikuwa ushauri bora kuliko wowote niliowahi kuusoma.

Gramu 50 za geji ya 30 ni karibu mita 70. Ncha moja, pamoja na safu ya pili ya juu, hula sentimita 40 hivi, kwa hiyo kifungu hicho kinatosha ncha 170 na zaidi. Tofauti yake na waya wa umeme ni ile ngozi ya vanishi inayouvika. Wapo wanaoikwangua kabla ya kuzonga, kwa hoja kwamba vanishi inateleza. Mimi niliijaribu kwa namna zote mbili. Ni kweli kwamba uliovikwa vanishi hutaka uangalifu zaidi katika mizongo michache ya mwanzo, lakini kwenye mizani ya kilo 9 hakuna ncha iliyosogea, na baada ya siku 30 za chumvi wenye vanishi ulikuwa bado mwekundu kama ulivyotoka kwa fundi, ila palipochunika kwa koleo. Vanishi huitenga shaba na chuma, na zisipogusana hakuna inayoila nyingine. Kwa mtu wa Bara anayerusha ndege uwanjani penye vumbi kavu, jambo hili ni dogo. Kwa mtu wa Lamu, ambaye kamba zake hulala juu ya mchanga wenye unyevu wa bahari, ndilo linaloamua.

Namna ninavyouzonga ni hii. Waya huanza karibu na kitanzi na kuelekea upande wa kamba, mizongo ikigusana bila nafasi kati yao. Zikifika milimita 20, ile ncha ya kamba iliyobaki huikunja kurudi nyuma juu ya mizongo, kisha narudi nayo kwa safu ya pili inayoifunika. Kamba ikitaka kuponyoka italazimika kwanza kujikunjua ndani ya safu hiyo, na haina nafasi ya kufanya hivyo. Ncha ya waya wenyewe hupitishwa chini ya mizongo mitatu ya mwisho na kuvutwa taratibu. Tone la gundi nyembamba humalizia. Koleo nalitumia kwenye mvuto wa mwisho tu, na meno yake nimeyafunga kitambaa.

Kuhusu lehemu, najua wapo warushaji wa zamani wanaoapa kwamba mzongo usiotiwa risasi haujakamilika. Niliijaribu kwenye ncha nne. Risasi iliyoyeyuka hupanda ndani ya nyuzi za kamba kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na pale inapokomea kamba hubadilika ghafla kutoka ugumu wa fimbo kuwa ulaini wa uzi. Mpaka huo ndio unaopinda kila kamba inapotikisika, na chuma kinachopindapinda mahali pamoja mwisho wake unajulikana. Isitoshe, dawa ya asidi inayohitajika ili risasi ishike kwenye chuma hiki hubaki ndani ya mizongo hata baada ya kuoshwa, na ikikutana na chumvi huendelea kula gizani. Ncha mbili kati ya nne zilionyesha madoa ya kahawia baada ya siku 30. Nimeacha kulehemu.

Vipo pia vipete vya kubana vinavyotumiwa na wavuvi wa samsuli wa Malindi na Watamu kwenye nyaya za mishipi yao. Rafiki aliniletea pakiti moja. Ni vizuri sana vikilingana na unene wa kamba na vikibanwa kwa chombo chake, na wavuvi hao huvuta samaki wazito kuliko ndege yoyote ya mfano. Tatizo ni kwamba vidogo kuliko vyote nilivyoletewa vilikuwa vimetengenezwa kwa waya mnene kuliko wangu, na nilipovibana kwa koleo la kawaida kimoja kilipasuka na kingine kiliiachia kamba kwenye kilo 6. Mwenye chombo na mwenye saizi sahihi asiviogope. Mimi sina vyote viwili, na nauli ya kwenda kuvitafuta inanunua waya wa feni wa miaka kumi.

Nyuzi za wavuvi wa Lamu nazo sikuziacha. Uzi wa nailoni uliotiwa nta huzongeka kwa raha na haujui chumvi, lakini nailoni hunyumbuka, na ncha niliyoiacha ikiwa imening'iniza kilo 5 usiku kucha ilikuwa imeteleza milimita mbili asubuhi. Juani hali yake itakuwa mbaya zaidi. Nyuzi mpya zinazong'aa, zile zisizonyumbuka, zinateleza mno mpaka gundi yenyewe haizishiki. Nazitumia kufungia mpini mkononi, ule ukanda wa kifundo unaoizuia ndege isiondoke na mpini endapo utaniponyoka, na kwa kazi hiyo ni bora.

Kwa sasa ncha zote nne za ndege yangu ni za geji ya 30 yenye vanishi, safu mbili, bila risasi. Zimeshapita msimu mzima, nikirusha asubuhi za bamvua maji yanapokupwa na ufuo wa Shela unapopanuka kiasi cha kumeza duara la mita 32 bila kumgusa punda wala mgeni. Kila ninaporudi nyumbani nazisuuza kwa maji matamu, na kila mwezi nazipitisha chini ya kioo cha kukuzia; mara moja nimeikuta shaba imechunika upande wa mpini, ambako mkono hugusa sana, nikaifunga upya kwa dakika kumi. Geji ya 28 nimeiweka kwa ajili ya ndege kubwa ninayoijenga, itakayotumia kamba za milimita 0.46. Kile kifungu cha gramu 50 hakijafika hata nusu, na nilipokwenda wiki iliyopita kuuliza kama ana geji ya 26, fundi alinijibu kwamba anayo, lakini haniuzii mpaka nimpeleke mwanawe Shela akaione hiyo ndege inayokula waya wa feni.